Injini ya Mama Mkwe Juu ya Meza Yangu ya Kukatia

Sehemu ya saba

Mnaonicheka tangu wiki iliyopita mna haki yenu. Mimi nami ningekuwa upande wenu ningecheka. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, basi wacha niendelee kuuanika wangu hadharani.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, mambo yalianza hivi. Mimi ni fundi cherehani. Mama mkwe wangu ana pikapu kuukuu aliyoachiwa na marehemu mumewe. Alipopata safari ya kwenda kumwangalia binti yake mkubwa aliyejifungua, akanikabidhi mimi funguo. Nami, kwa kumshukuru, siku moja kabla hajaondoka nikamshonea kifuniko cha dashibodi cha mahameli ya zambarau, chenye vishada kila upande. Nikakitoboa tundu la kuonea spidi na tundu la kuonea mafuta. Kile kisaa kidogo cha joto nikakifunika, kwa sababu sikuwahi kuona mshale wake ukisogea. Nikajua kimekufa.

Hakikuwa kimekufa. Mshale ulikuwa hausogei kwa sababu injini ilikuwa nzima.

Wiki mbili baadaye, nikipandisha mlima na shehena ya sare za shule, rejeta ikatoboka, maji yakaisha, na mshale ukapanda mpaka mwisho wake chini ya mahameli yangu. Mimi huku juu napiga mluzi. Injini ikagonga mara tatu, ikanyamaza.

Mke wangu nikamwambia gari limekufa kwa uzee. Mama mkwe sikumwambia kitu. Kila akipiga simu, swali lake lilikuwa moja: "Linatembea?" Nami namjibu, "Linatembea, mama." Hapo alikuwa akishusha pumzi ndefu. Nilidhani anamshukuru Mungu.

Basi nikaamua kuishusha injini nyumbani, kimyakimya, kabla hajarudi Jumamosi. Na kwa kuwa mvua ilikuwa haikatiki uani, injini ikaingia sebuleni, ikakaa juu ya meza yangu ya kukatia nguo. Aliyekuwa ananiongoza ni mzee mmoja jirani, fundi magari mstaafu, ambaye mtaa mzima unamwita Mgongo. Anaijua injini kuliko anavyowajua wanawe, ila mgongo umekufa, hawezi kuinama hata kufunga viatu. Yeye anakaa kitini na bisibisi ndefu, ananyooshea. Mimi ndiye mikono.

Wiki hii tulianza Jumanne.

"Cherehani," Mgongo akasema, "leo krenki inarudi mahali pake. Lete kibanio namba moja."

Vibanio vinavyoishika krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ni vitano. Nilikuwa nimevipanga juu ya gazeti, vinameta kama vijiko vya wageni. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeviosha mwenyewe kwa mafuta ya taa, kimoja kimoja, kwa brashi. Nikavitazama. Vikanitazama.

"Namba moja ni kipi, mzee?"

"Unaniuliza mimi? Si nilikwambia uvitie alama kabla hujavitoa?"

"Nilivitia."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa chaki."

"Chaki gani?"

"Ya kitambaa."

Mgongo akafumba macho. Jamani, kwa miaka ishirini na mbili nimechora suti za watu kwa chaki ile ya njano, na sifa yake kubwa ni kwamba ukiosha inatoka. Ndiyo maana mafundi tunaipenda.

"Watu wanapiga alama kwa patasi," Mgongo akasema taratibu. "Wengine kwa msumari. Wewe umeichora injini kama suruali."

"Lakini mzee, vyote vinafanana. Tuvirudishe tu, vitajijua wenyewe."

"Haya. Virudishe."

Nikavirudisha kwa kukisia. Nikakaza nati zote kumi. Nikashika krenki niizungushe. Haikuzunguka. Nikapanda kwenye kigoda nikasukuma kwa uzito wa mwili wangu wote, ikakataa katakata. Mgongo hakunicheka, na hilo ndilo lililonitisha.

"Kila kibanio kilichongwa pamoja na kiti chake," akasema. "Ukimvisha mtu koti la jirani yake litambana makwapani. Hiyo si kazi yako, cherehani? Sasa una vibanio vitano, na kila kimoja kina mbele na nyuma. Ukianza kujaribu leo, mkweo atakukuta bado unajaribu, na wajukuu zake watakukuta."

Tukakaa. Mimi nikashika tama.

Mke wangu akatuingilia hapo, anatoka saluni. Yeye ni msusi, na siku hiyo alikuwa amesuka vichwa vinne. Akasimama mlangoni, akatuangalia mmoja baada ya mwingine.

"Nani amefariki?"

Nikamweleza. Akaweka mkoba chini, akaja mezani, akachukua kibanio kimoja akakigeuza mkononi.

"Hizi namba si zilikuwa za njano?"

"Ndizo hizo zilizotoka."

"Ngoja," akasema, akatoa simu.

Picha aliyokuwa nayo, nawaambia, nilitamani kuiwekea fremu. Injini yangu ilikuwa imelala chali juu ya meza, vibanio vyote vitano mahali pake, kila kimoja na namba yake ya njano iliyoandikwa kwa mkono mzuri wa fundi suti. Mgongo akavaa miwani. Akaisogeza simu karibu, akaipeleka mbali, akairudisha karibu.

"Namba zimetoka," akasema, "lakini makovu hayatoki kwa mafuta ya taa. Angalia, namba mbili amemeguka pembe. Namba nne ana mkwaruzo huu hapa. Huyu wa tano ana shimo la kutu kama ndui. Lete."

Haikupita nusu saa, vyote vilikuwa vimerudi kwao. Nikakaza. Nikaweka kidole kimoja kwenye krenki, ikazunguka kwa ulaini hata nikataka kumkumbatia Mgongo. Nikakumbuka mgongo wake, nikamkumbatia mke wangu.

Ndipo swali likanijia, na ningejua jibu lake nisingeliuliza.

"Mke wangu, hii picha uliipiga ya nini?"

Akaanza kukunja kanga ya begani. "Nilimtumia dada."

"Kumwambia nini?"

"Soma mwenyewe."

Nikasoma. Chini ya picha mke wangu alikuwa ameandika: *Dada, angalia sebule yangu. Hivi mimi nimeolewa na mwanamume au na gereji?*

Mgongo akageuka ukutani, mabega yakimtikisika.

"Dada yupi?" nikauliza.

"Nina dada wangapi?"

Anaye mmoja tu. Ndiye aliyejifungua, na ndiye ambaye mama mkwe alikuwa amekaa nyumbani kwake kwa mwezi mzima, wakila pamoja na kulala chumba kimoja.

"Amesema hatamwonyesha mama," mke wangu akaongeza.

"Dada yako? Aliyenitajia umri wako halisi siku nilipokuja kukuposa?"

Alikuwa anajua kama ninavyojua mimi kwamba siri kwa dada yake ni kama maji ndani ya kikapu.

Jumatano ilikuwa siku ya pistoni. Pistoni ina ringi, na ringi ni kitu kikaidi, lazima uzibane zote kwa pamoja ndipo pistoni ishuke kwenye tundu lake. Mgongo aliniagiza nikate ukanda wa bati la kopo la rangi, nizungushe, nikaze. Nikakaza. Ringi ikachomoka, nusura initoboe jicho. Nikakaza tena. Ikachomoka tena.

"Mpe binti," Mgongo akaamuru.

Mke wangu akanisogeza kwa nyonga. Vidole vile vinavyosuka nywele za watoto wanaolia na kurusha miguu vikazibana ringi zote tatu mara moja, na pistoni ikateremka taratibu kama mtu anayeingia maji ya moto. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu na ya nne nazo. Mimi nikabaki mpitisha spana ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Alikuwa anaimba kwa pua. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu baba yake alipozikwa.

"Nilipokuwa mdogo," akasema bila kuinua kichwa, "nilikuwa silali mpaka niisikie injini hii ikiingia getini. Nikiisikia ndiyo najua baba amefika. Siku gari lilipokufa, mume wangu, nilijificha bafuni nikalia. Nikajua na sauti yake imekwenda."

Moyo uliniuma, nawaambia ukweli. Nikafungua mdomo nimwambie kwamba halikufa kwa uzee, ni mimi na mahameli yangu. Akaninyooshea nyundo ya mpira nimshikie. Nikaishika, nikaufunga mdomo.

Alhamisi, wanaume wanne wa mtaa walikuja na mti mrefu, wakaibeba injini kutoka sebuleni hadi uani na kuishusha ndani ya pikapu. Tulifunga mabomba, nyaya, rejeta mpya na mikanda. Nilijaza oili. Nilijaza maji kwa mkono wangu, nikachungulia, nikajaza tena, nikachungulia tena.

"Umeshachungulia mara sita," Mgongo akasema. "Hayatakimbia. Piga starta."

Mke wangu ndiye aliyekaa kwenye usukani, kwa kuwa mimi nilitakiwa kwenye kabureta. Akageuza ufunguo. Injini ikakohoa. Akageuza tena, ikakohoa, ikapiga chafya ya moshi mweusi usoni mwangu, ikatulia. Mgongo akanyoosha bisibisi yake.

"Nyaya za plagi ya pili na ya tatu. Umezibadilisha."

Alisema kweli. Nikazirudisha.

Mara ya tatu ikashika. Ilianza kwa kusuasua, halafu ikachanganya, halafu ikanguruma kwa sauti nzito, tulivu, iliyokolea. Wale wanaume wanne wakapiga makofi. Mke wangu aliweka kipaji cha uso kwenye usukani akacheka huku analia. Mgongo alivua kofia. Mimi nilisimama pale na masizi usoni, fundi cherehani niliyefufua injini, na kwa mara ya kwanza katika siku kumi nikaona nitaiona Jumapili nikiwa bado ni mkwe wa mtu.

"Izimeni," Mgongo akaagiza. "Ipoe vizuri, jioni tukaze tena nati za hedi, kile kifuniko cha juu. Mimi nakwenda kulala chali." Akaondoka na wale wanne, wote wakizungumza kwa pamoja.

Hawakuwa wamemaliza kona wakati geti lilipofunguliwa. Aliyeingia alikuwa na begi mkononi na vumbi la safari miguuni, siku mbili kabla ya siku yake.

Mama mkwe.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia boneti iliyo wazi. "Nimelisikia tangu kule kwenye kona. Ni lenyewe?"

"Ni lenyewe, mama."

"Limewaka?"

"Limewaka."

Akakaa juu ya begi lake, palepale katikati ya uwanja, akaweka mikono kwenye magoti. Mke wangu akaja mbio, akamkumbatia, akamwambia asikie tu habari, akamwambia asisikie kwanza, anywe chai kwanza. Akakimbilia jikoni.

Tukabaki wawili. Nikaona hakuna wakati mwingine. Nikapiga moyo konde, nikachuchumaa mbele yake.

"Mama, nilikudanganya. Gari lilikuwa halitembei. Na halikufa kwa uzee, nililiua mimi. Kile kifuniko nilichokushonea kilifunika saa ya joto. Sikuona mshale ukipanda. Nimekosa, mama."

Akajikanda magoti kwa viganja.

"Nilikiona," akasema.

"Ulikiona nini, mama?"

"Hicho kifuniko. Siku ile ile ulipokivisha. Nikaona kabisa mahameli yamekaa juu ya saa ya joto. Nikakwambia, umefanya vizuri sana, mwanangu. Kesho yake nikapanda basi."

Nikakaa kitako palepale chini.

"Wewe ulikuwepo hospitali siku ile," akaendelea. "Ulisikia marehemu alivyosema mbele ya watu wote. Maadamu linatembea lisiuzwe, na mwenye shida asirudishwe getini. Nikaitikia. Nani angekataa mbele ya mtu anayekata roho? Sasa ni miaka kumi na moja, mwanangu. Nina miaka sitini na minane na magoti yote mawili yamekwisha. Ananiamsha mwenye mgonjwa, ananiamsha anayehama nyumba, ananiamsha mwenye msiba. Wiki moja kabla sijasafiri nilibeba kabati, mbuzi wawili na bibi mwenye homa, kwa safari moja. Siwezi kuliuza likiwa zima. Na kuliharibu kwa mkono wangu siwezi, lile ni la mume wangu. Nikakaa nikafikiri, ni nani katika ukoo huu anaweza kuliua gari bila kukusudia?"

Akanipigapiga begani.

"Jina lako lilikuja lenyewe."

Sikujua nikasirike au nishukuru. Kwa hiyo zile pumzi ndefu za kwenye simu zilikuwa za mtu anayeambiwa mgonjwa wake bado yuko hai.

"Juzi binti yangu akanionyesha picha," akasema. "Nilipoiona injini iko mezani imelala chali, nilikwenda chumbani nikasali sala ya shukrani. Narudi, naambiwa, mama, wanaijenga upya. Mwanangu, sijawahi kufungasha begi haraka namna ile."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia?"

Nikajifuta masizi usoni.

Akainama kwangu, akashusha sauti. "Chini ya injini kuna nati ya kumwagia oili."

"Naijua, mama. Nimeikaza mwenyewe asubuhi."

"Ilegeze."

"Mama."

"Ilegeze kidogo tu. Likitoka hapo halifiki sokoni. Mara ya kwanza uliliua bila kukusudia, hukuwa na dhambi. Sasa liue kwa kukusudia, dhambi nitaibeba mimi."

Ningefanya nini, enyi wasomaji? Huyu ndiye mama aliyesimama mbele ya mashemeji zangu wote waliokuwa hawanitaki, akasema fundi cherehani naye ni mtu. Nilikuwa nimemdanganya siku kumi mfululizo. Nikayatazama yale magoti yake yaliyovimba, nikamwonea huruma kweli kweli, na sikuwa na uso wa kumkatalia. Nikachukua gunia na spana, nikajilaza, nikajisukuma chini ya pikapu.

Nilikuwa nimeijenga injini ile kwa siku kumi. Nikaweka spana kwenye nati, nikafumba macho, nikazungusha. Ikalegea.

Nikasikia kandambili za mke wangu zikitoka jikoni. Zikaja zikasimama kando ya viatu vya mama yake. Kikombe kikawekwa juu ya bamba la pikapu.

"Mama, nina neno," mke wangu akasema. "Hata mume wangu sijamwambia. Leo asubuhi nimekwenda saluni nikarudisha kiti changu cha kukodi, nimeacha kusuka. Kimeshapata mtu. Jumatatu naanza kujifunza udereva."

Spana ilisimama mkononi mwangu.

"Udereva wa nini?" mama mkwe akauliza.

"Wa gari la baba. Umechoka, mama, usifikiri hatuoni. Kuanzia sasa wenye shida wasije getini kwako. Waje kwangu. Hili gari nitaliendesha mimi mpaka nami niwe bibi."

Mwenzenu nilifurahi, nikaona Mungu ametufungulia mlango. Mama atapumzika, gari litaishi, mke wangu ataimba. Nikaishika nati haraka niirudishe. Ikateleza kwa oili, ikapinda kwenye njia yake, ikakataa kushika, na mchirizi wa oili ya moto ukanishukia shavuni, ukaingia sikioni.

"Miaka kumi na moja, mwanangu," nikamsikia mama mkwe akisema juu yangu, polepole. "Unaijua ilivyo?"

"Naijua, mama. Ndiyo maana naitaka."

Nikajikaza, nikaipata njia ya nati, nikaanza kuizungusha kwa vidole.

Kiatu cha mama mkwe kikasogea kutoka pale kilipokuwa. Kikanikanyaga kifundo cha mguu, kikakandamiza, kama kuniambia nati isirudi.

"Vizuri sana, mwanangu," akamwambia binti yake kwa upole, na kiatu kikazidi kukandamiza. "Vizuri sana."

"Asante, mama. Lakini huyu mume wangu anafanya nini huko chini muda wote huu?"

Oili ilikuwa inashuka kwenye mkono wangu hadi kwenye kiwiko, na kutoka pale nilipolala nikayaona magoti ya mke wangu yakianza kukunjika, anainama kuchungulia.